Waamuzi wa Vazi

Vazi ni kitu cha ajabu. Mtu hulichagua kwa macho yake na hulinunua kwa fedha yake, lakini mara alivaapo huwa si lake peke yake tena. Kila apitaye hulitazama na kulihukumu. Kwa sababu hiyo tangu zamani watu wameulizana swali moja: nani mwenye haki ya kusema kuwa vazi hili ni zuri na lile ni baya? Je, ni yule aliyelibuni, au aliyelishona, au aliyeketi kitini akilitazama, au ni yule alivaaye? Katika insha hii nataka kulitafutia jibu swali hilo kwa kufuata historia ya nguo katika pwani yetu, hasa upande huu wa kusini, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga.

Swali lenyewe lilinijia jioni moja huko Msambweni, nilipokuwa nimealikwa katika nyumba ya jirani. Vijana wa nyumba ile walikuwa wakitazama katika televisheni mashindano ya wabunifu wa mavazi. Kila mshindani alileta mkusanyiko wa mavazi aliyoyabuni, wasichana warefu wakayavaa na kupita jukwaani, na waamuzi watatu wakakaa mbele wakitoa maoni. Likapita gauni moja lililong'aa kama magamba ya samaki, limebana tangu kifuani hata vifundoni. Waamuzi walilisifu kwa maneno mengi, na vijana wakapiga makofi pamoja nao. Bibi wa nyumba, aliyekuwa ameketi pembeni akisuka ukili wala hakuwa amesema neno tangu mwanzo, aliinua macho akauliza, "Na huyo mtoto akitaka kuketi?"

Tulicheka sote. Mjukuu wake mmoja akamwambia, "Bibi, hiyo si nguo ya kuketia, ni nguo ya kutazamwa." Bibi akajibu, "Basi na iitwe picha, isiitwe nguo." Akarejea kwenye ukili wake. Mimi nilicheka kama wengine, lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani niliona kwamba mwanamke yule, kwa maneno machache, alikuwa amesema jambo ambalo waamuzi watatu hawakulisema.

Kwanza yatupasa kuwatendea haki waamuzi wa jukwaani, maana kazi yao si ya upuuzi. Mashindano ya namna hii yalipata umaarufu mkubwa huko Marekani, wakati yalipoanza kuonyeshwa mashindano yaitwayo Project Runway mwezi wa Desemba 2004. Wabunifu walipewa kazi, na muda mfupi wa kuimaliza. Kisha mavazi yao yakapimwa mbele ya watazamaji, na aliyeshindwa akaondoka. Miongoni mwa waamuzi walikuwamo mbunifu Michael Kors na mhariri Nina Garcia, watu waliojua nguo kwa undani. Watu wa namna hiyo hutazama mshono, mkato, kitambaa, rangi na upya wa fikra. Hutazama pia kama mavazi yote ya mkusanyiko mmoja yanazungumza lugha moja, au kama kila moja limetoka njia yake. Haya yote ni mambo ya maana, na mwanafunzi apendaye ufundi wa mavazi hapana budi ajifunze kuyaona.

Lakini mwamuzi wa jukwaani ana upungufu mmoja ambao hawezi kuukwepa, hata awe na maarifa kiasi gani. Yeye hulitazama vazi kwa dakika chache, katika taa nzuri, juu ya mwili mmoja uliochaguliwa, siku ambayo vazi ni jipya. Haoni siku ya pili. Haoni nguo ikifuliwa, ikianuliwa, ikivaliwa ndani ya matatu iliyojaa, ikifutia jasho au ikibebea mtoto. Hata ushindi wenyewe una mipaka. Mshindi wa kwanza wa mashindano yale ya Marekani, Jay McCarroll, aliikataa zawadi ya fedha kwa kuwa hakuridhika na masharti ya mkataba wake. Jukwaa lilimpa taji, lakini mambo yaliyo nje ya jukwaa yalikuwa na hesabu yake nyingine.

Sasa na tuliache jukwaa tuitazame pwani yetu, ambako kwa muda mrefu hapakuwa na majukwaa ya mavazi, lakini waamuzi walikuwapo, tena wakali.

Katika karne ya 19 nguo iliyotawala biashara ya Afrika ya Mashariki ilikuwa merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, imara, nayo ilipata jina lake kwa sababu ililetwa kutoka Marekani. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na baada ya hapo meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilizoea kuja Unguja zikileta nguo na kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na bidhaa nyingine. Kutoka Unguja nguo ile ilisambaa Mombasa na pwani yote, kisha ikapanda bara na misafara, hata ikatumika kama fedha.

Wafanyabiashara wa Uingereza walitamani sana soko hilo. Walikuwa na viwanda vikubwa, na walijaribu kuiga merikani ili waiuze kwa watu wetu. Lakini wanunuzi hawakudanganyika upesi. Waliishika nguo kwa vidole, wakaivuta, wakaitazama nyuzi zake, wakapambanua ipi ni merikani hasa na ipi ni mwigo. Mfanyabiashara aliyeleta nguo isiyopendwa alibaki nayo ghalani. Haikuwa mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 mpaka 1865, vilipokatiza biashara ya pamba ndipo nguo za Uingereza na za Bombay zilipopata nafasi kubwa zaidi. Tutafakari jambo hili. Aghalabu twasoma historia kana kwamba watu wetu walipokea tu kila kilicholetwa na meli. Kumbe mwanamke wa kijijini na mpagazi wa msafara walikuwa na kauli iliyofika mpaka katika viwanda vya mbali. Hawakuandika hukumu yao gazetini. Waliitoa kwa kununua au kwa kutonunua.

Baada ya merikani ikaja nguo iliyopendwa kuliko zote, nayo ni leso, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kanga. Asili yake yaonyesha wazi nani alikuwa mbunifu wa kweli. Neno leso latokana na lugha ya Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkono. Vitambaa hivyo vya rangi viliuzwa vikiwa bado vimeungana kwa urefu kama nguo ya gora. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani waliacha kuvinunua kimoja kimoja. Walinunua kipande chenye vitambaa sita, wakakikata katikati kupata vipande viwili vya vitatu vitatu, kisha wakavishona pamoja kwa urefu. Ikatokea nguo pana ya kujifunga na kujitanda. Hapakuwa na mbunifu mashuhuri aliyewafundisha. Walikuwa na haja, wakatazama kilichopo sokoni, wakakigeuza. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo kile walichokibuni wanawake. Hapa, basi, mvaaji ndiye aliyekuwa mwalimu, na kiwanda kikawa mwanafunzi.

Katika Mombasa yupo mfanyabiashara ambaye jina lake haliwezi kuachwa katika habari hizi, naye ni Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Biashara yake ilianza mwaka 1887, na mpaka leo alama ya "Mali ya Abdulla" yajulikana kwa wanawake wengi wa pwani kama alama ya leso nzuri. Yasemwa kuwa yeye ndiye aliyeeneza mtindo wa kuandika maneno ya Kiswahili katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi za Kirumi tulizozoea leo. Leso zilichapwa mbali, Uholanzi, Uingereza, India na Japani, lakini zililazimika kuwapendeza watu wa Mombasa, Unguja na Lamu. Mchapaji wa Ulaya hakujua maana ya fumbo lililoandikwa. Mwanamke wa Kwale aliyevuka kivuko cha Likoni kwenda kulinunua mjini alilijua vizuri sana.

Leso ina sehemu tatu: pindo lizungukalo pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Nenda dukani pamoja na mwanamke ajuaye leso nawe utaona mtihani mkali kuliko wa televisheni. Kwanza huifungua yote, maana leso iliyokunjwa huficha makosa yake. Hutazama kama pindo limelingana pande zote na kama rangi za pindo zinapatana na za mji. Huisugua kwa vidole ili ajue kama uzito wake ni wa nyuzi au ni wa wanga tu, maana wanga huisha katika maji ya kwanza na nguo ikabaki kama chandarua. Huuliza kama inachuja rangi. Kisha husoma jina, na hapo ndipo hukumu yenyewe inapokatwa. Leso yaweza kuwa na rangi za kupendeza kabisa, lakini kama jina lake ni la ugomvi, hawezi kumpelekea mkwe wake. Na kama jina lake ni la shukrani, ataichukua kwa ajili ya mama yake hata ikiwa rangi si ile aliyoitaka.

Zaidi ya hayo, leso hupimwa kwa kazi. Nguo ile ile hufungwa kiunoni jikoni, hujitandwa mtu aendapo matangani, hutandikwa, huwa mbeleko ya mtoto mgongoni, na hupewa bibi arusi kama heshima. Leso ya kisutu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, haina jina hata moja, nayo haikosi katika arusi nyingi za pwani. Maana yake yajulikana pasipo maandishi. Hapana mwamuzi aliyewahi kuitangaza kisutu kuwa mshindi. Imeshinda kwa kutoachwa.

Huenda msomaji akafikiri kuwa haya ni mambo madogo ya sokoni. La, si madogo. Katika pwani yetu kulikuwa na wakati ambapo kuchagua nguo kulikuwa ni kuchagua utu. Katika enzi ya utumwa nguo ya mtu ilitangaza daraja lake. Wanawake watumwa aghalabu walivaa merikani isiyo na pambo, au kaniki, yaani nguo iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikawa karibu na weusi. Kujitanda kichwa kulikuwa dalili ya uungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu waliokuwa watumwa hawakungoja mtu awaeleze namna ya kuvaa. Wanawake waliiacha kaniki wakajifunga leso zenye rangi, wakajitanda na vichwa vyao. Waliokuwa wakiwatazama kwa dharau waliweza kusema watakavyo; hukumu haikuwa mikononi mwao tena. Mwanamke aliyenunua leso yake ya kwanza kwa fedha ya jasho lake alikuwa ananunua jina jipya mbele ya watu.

Kwa upande wa Wamijikenda, ambao kati yao wamo Wadigo na Waduruma wa Kwale, vazi la wanawake la zamani lilikuwa hando, nguo ya marinda mengi iliyofungwa kiunoni. Wadigo wengi walipoingia katika dini ya Kiislamu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, leso ilichukua nafasi kwao, na wanaume wakazoea kanzu na kofia. Leo hando huonekana zaidi katika ngoma na sherehe. Hatuna haja ya kusema kuwa leso ni bora kuliko hando. Twasema tu kuwa mabadiliko yaliletwa na maisha ya wavaaji wenyewe, imani yao, biashara yao na jirani zao.

Na ili tusifikiri kuwa hukumu ya vazi ni moja milele, na tuende mpaka Kinondo, karibu na Diani. Huko kuna msitu mtakatifu wa Wadigo uitwao Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni aingiaye katika msitu ule, hata kama ametoka katika hoteli kubwa za pwani akiwa na nguo za thamani, hufungwa kwanza kaniki kiunoni. Nguo ile ile iliyokuwa alama ya unyonge mjini ni alama ya heshima katika kaya. Kaniki haikubadilika, mahali ndipo palipobadilika. Kwa hiyo amwambiaye mwenziwe, "Nguo hii ni duni," yampasa aongeze, "duni wapi, na kwa nani?"

Sasa tufike kwenye mwaka 2004, mwaka ule ule ambao Wamarekani walianza kutazama mashindano yao. Hapa Kenya pia palikuwa na jitihada kubwa ya kubuni vazi, na lililotafutwa halikuwa gauni la jukwaani, bali vazi la taifa. Serikali, kwa msaada wa fedha wa kampuni ya Unilever kupitia sabuni yake ya Sunlight, ilianzisha harakati ya kutafuta vazi ambalo Mkenya angelivaa likamtambulisha popote. Wabunifu walipewa kazi, maoni ya wananchi yakatafutwa, na mwisho mavazi yaliyochaguliwa yakaonyeshwa hadharani kwa shangwe.

Nia ilikuwa njema. Taifa lenye makabila zaidi ya 40 lilitafuta kitu kimoja cha kuvaa ili lijione kuwa ni moja. Wabunifu nao walijitahidi kuchanganya mapokeo ya pande nyingi. Lakini vazi lile halikushika. Harusini hatukuliona, misikitini na makanisani hatukuliona, na sokoni hatukuliona. Kwa nini? Mimi naona sababu moja iliyo kubwa kuliko nyingine. Vazi lile lilizaliwa kutoka juu, likaombwa lishuke chini. Lakini mavazi yaliyodumu katika nchi hii yalizaliwa chini yakapanda. Lilipaswa kuwapendeza Wakenya wote kwa siku moja, na kitu kitafutwacho kimpendeze kila mtu mara nyingi hakimkai mtu yeyote. Wananchi walipoulizwa walijibu kwa kauli. Walipofika dukani walijibu kwa mkono, na jibu la mkono ndilo lililobaki.

Kama mashindano hayakuweza kuwapa watu vazi, je, amri ingeweza? Jirani zetu walijaribu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza huko Dar es Salaam Operesheni Vijana, uliokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na vitu vingine vilivyohesabiwa kuwa kinyume cha utamaduni. Barua nyingi ziliandikwa magazetini, nyingine za kuunga mkono na nyingine za kupinga. Wasomaji walibishana juu ya utamaduni wenyewe ni upi, kwa maana suti ya mwanamume nayo haikuzaliwa Afrika, lakini haikuhukumiwa. Hapa Kenya, mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliamua kuwa suti ya Kaunda na mavazi ya jadi ya Kiafrika yasivaliwe bungeni, wakati ambapo Rais mwenyewe alikuwa ameipatia suti ile umaarufu mpya. Amri yaweza kumzuia mtu mlangoni. Haiwezi kumfanya alipende vazi.

Baada ya kusema hayo yote juu ya makosa ya wengine, haki inanitaka niseme na langu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wanafunzi tulifanya onyesho la mavazi katika sherehe ya mwisho wa mwaka, nami nikachaguliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu. Mshindani mmoja alileta mavazi matatu ya kitambaa kilichometameta, yenye mikono mipana kama matanga. Mwenziwe alileta mavazi matatu ya leso: gauni la kufundishia lenye mifuko miwili, marefu ya kutosha kumwezesha mwalimu kuinama mbele ya watoto bila wasiwasi, na mabega yaliyolegezwa ili mkono uweze kufika juu ya ubao. Katika kila gauni alikuwa ameikata leso kwa uangalifu hata jina lake likasomeka mgongoni. Mimi nilimpa wa kwanza alama za juu. Katika karatasi ya wa pili niliandika kwamba mavazi yake hayana mvuto, ni ya kawaida mno.

Hakusema kitu. Aliisoma karatasi, akaikunja, akaitia katika mfuko mmoja wa gauni lake. Muhula uliofuata tulikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi. Nguo za kumetameta sikuziona tena. Lakini wenzetu wanne walikuwa wamemwendea fundi cherehani wakiwa na leso mkononi, wakamwomba awashonee gauni kama lile lenye mifuko. Nilisimama mbele ya darasa, chaki haina pa kukaa ila mkononi, nikawatazama wenzangu wakitia chaki mifukoni mwao, nikaijua hukumu yangu ilikuwa ya namna gani. Nilikuwa nimetazama kwa macho tu. Sikuuliza nguo ile itafanya kazi gani, wala nani ataivaa. Kumwomba radhi nilimwomba, naye alinisamehe kwa upole. Lakini neno lililoandikwa halirudi kalamuni.

Nawasimulia haya, wanafunzi wangu, kwa sababu nanyi mmekuwa waamuzi. Kila siku mnatazama mavazi ya watu katika televisheni na katika simu, na kwa neno moja mnamwinua mtu au mnamwangusha. Kuhukumu si dhambi. Pasipo hukumu hapana ufundi unaoendelea. Lakini hukumu ina adabu yake. Kabla hujasema, uliza vazi hili limebuniwa kwa ajili ya nani na kwa ajili ya kazi gani. Uliza limetengenezwaje, na litakuwaje likishafuliwa mara kumi. Uliza lina maana gani mahali linapovaliwa, maana umeona habari ya kaniki. Baada ya maswali hayo ndipo useme lakupendeza au halikupendezi, na ukisema hivyo, useme kuwa ni wewe usemaye, usijifanye kuwa ni dunia nzima.

Wala msinielewe vibaya mkadhani nasema kuwa wengi hawakosei. Mvaaji naye hukosea. Wapo walionunua leso kwa ajili ya maneno ya kumchoma jirani, wakaivaa na kupita mlangoni pake kutwa, na uzuri wa nguo ukawa silaha ya chuki. Mazoea pia yaweza kuliua jambo jema kabla halijakomaa. Yamkini mwanamke wa kwanza aliyeshona vitambaa sita vikawa nguo moja alichekwa na shoga zake. Kama angelisikiliza kicheko, leo tusingelikuwa na leso. Kwa hiyo jukwaa lina faida yake: humpa mbunifu mpya mahali pa kuonyesha jambo ambalo soko halijalizoea. Jukwaa hufungua mlango. Lakini kuingia na kukaa ndani ni kazi ya vazi lenyewe, na wenye nyumba ni wavaaji.

Siku chache baada ya jioni ile nilirudi kwa yule bibi wa Msambweni nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza kama angepewa kiti cha mwamuzi angelitazama nini. Alifikiri kidogo, kisha akanyosha leso aliyojitanda, iliyofifia rangi hata jina lake lisomeke kwa shida. Akasema, "Hii nilibebea watoto watano, na nilijitanda siku tuliyomzika baba yao. Hao wa televisheni, waniite baada ya miaka ishirini, waje na hizo nguo zao, ndipo nitawaambia ipi imeshinda."